Blanketi la Mjukuu wa Ukata

Mbinga, 14 Julai 1995

Baba Edina,

Huku hatujambo, ila baridi ya Julai haina huruma. Edina amefaulu mtihani wa muhula na mbuzi amezaa mapacha. Natumaini samaki wako huko Ngumbo wananunulika.

Mablanketi ya watoto bado nayafuma. Tangu mitumba ifurike, wateja wanashika langu, wanalisifia, kisha wanaenda kununua la Ulaya kwa mia tano. Langu ni elfu mbili na sipunguzi, unanijua.

Jumamosi alikuja binti mjamzito, amepanda milima kutoka Ngumbo kupimwa hospitalini. Mtumba hakuutaka. Alisema mtoto wake wa kwanza hafunikwi na kitu kilichokwisha kufunika mwingine. Nikampenda. Akaomba nitarizi pembeni jina la babu mzaa baba, kama desturi yetu, maana ana hakika ni wa kiume. Nikamwuliza babu ni nani.

"Mzee Ildefonsi Kapinga wa kijiji cha Ukata," akasema. "Ila bado sijapelekwa kumwamkia."

Baba yako mzazi.

Nilimpa uji anywe akisubiri, nikatarizi herufi zote bila kukosea hata moja. Alipotoa pesa, nilichukua nusu tu. Aliuliza sababu. Nikamwambia watu wa nyumba yangu siwauzii kwa bei ya sokoni.

Yeye hakunielewa. Wewe umenielewa.

Mkeo wa ndoa,
Hildegardi, Mama Edina