Makaki ya Kufungulia

Temeke, Dar es Salaam

Mama yangu, shikamoo. Naomba barua hii ikukute umepona kile kikohozi, na mvua za huko Lushoto zisiwe zimeharibu njia ya kisimani. Mie ni mzima, nafunga, na useremala unaendelea. Nyumba mpya zinajengwa hapa kila siku na milango haitoshi.

Kikapu cha makaki ulichompa dereva wa lori kilifika salama. Watu wa hapa hawayajui matunda haya, walidhani ni nyanya. Yale mapana niliyala mwenyewe kwa siku mbili, magumu hivyo hivyo, matamu kama ya miaka yote. Yakabaki yaliyochongoka. Nikaamua kumpelekea Mzee Shomari, baba yake Mwanaidi, yule binti niliyekuandikia habari zake, maana alinialika futari na mie nilitaka jibu la posa yangu. Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Yaliyolegea niliyaona yameharibika, nikaona haya kuyapeleka ukweni. Nikachagua magumu yenye ngozi safi, nikayafuta kwa kitambaa.

Adhana ya magharibi ikalia. Mzee akaisogeza kando sahani ya tende.

"Leo nafungua kwa tunda la mgeni," akasema, akauma.

Mama, uso wake ulikunjamana wote. Mdomo ulimjaa ukakasi, hata maji hayakusaidia. Mwanaidi alikuwa mlangoni, akajifunika kanga usoni. Sijui alicheka au alilia.

"Kijana," mzee akaniuliza, "nyie kwenu mnakula haya?"

Ndipo nilipokumbuka kwamba ya kuchongoka hayaliwi mpaka yalegee, na kwamba maisha yangu yote hujawahi kuniachia nichague kaki hata moja. Wewe ulikuwa ukiyabonyeza kwa kidole gumba, sie tukila tu. Niliona aibu sana.

Kesho yake nikarudi na yale yaliyolegea kama uji. Mzee aliyatazama kwa muda, akaomba kijiko. Akala moja, akala la pili.

"Haya kayachagua nani?"

"Mama yangu ndiye ajuaye kuyachagua."

"Basi sikiliza. Posa umeileta peke yako kama mtu asiye na kwao. Binti yangu simtoi kwa mtu ambaye mama yake simjui. Idi ikipita, aje tuonane."

Msalimie dada na wanawe, na mjomba anayekulimia shamba. Mwambie ndiye nitakayemtegemea akusindikize.

Mama, najua uliapa hutashuka Pwani, kwa kuwa baba alishuka kutafuta kazi akazikwa huku. Sijawahi kukuomba uvunje neno hilo. Sasa nakuomba, na naogopa jibu lako kuliko la mzee. Kaburi la baba nalipalilia mwenyewe. Nataka baba amjue mkwewe, Mwanaidi, na wa kumpeleka pale ni wewe, si mie.

Mwanao akupendaye,
Hemedi