Mawe ya Korongoni

Ipuli, Tabora
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Kwako mdogo wangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Marahaba, mdogo wangu, maana najua ungekuwa hapa mbele yangu ungeniamkia. Habari za hapo Nzega? Shemeji Masolwa hajambo, na ng'ombe wake? Na Nasri ameota meno mangapi sasa? Zabibu, yule binamu yetu wa mitumba, alipotoka mnadani huko kwenu aliniambia mtoto anasimama kwa kushika ukuta, na kichwa ni cha marehemu baba kabisa, kikubwa mbele. Nilicheka peke yangu.

Sisi huku kwa mwili hatujambo. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali, asubuhi mtu anatoka na shuka mabegani. Mama kule Ng'ambo anakohoa kidogo lakini chakula anakula. Asmahani amenipita urefu. Barua hii naandika kwa mkono wangu, kwa hiyo usishangae herufi zikipanda na kushuka, unajua niliishia darasa la nne. Siku zote ni Asmahani anayeniandikia. Safari hii haikuwezekana, na chini huko utaona kwa nini. Simu nayo nimeshindwa. Kila nikikupigia tunasalimiana mara mbili tatu, unasema mtandao unakatika, nami Mungu anisamehe, huwa nashukuru ukikatika.

Mwezi wa sita shule ya Asmahani ilitangaza kambi ya siku tatu kule Kwihara, watoto wa darasa la sita na la saba wakajifunze kupika nje na kujitegemea. Mwalimu wao anaitwa Erasmus, kijana mpole wa Bukoba. Akatuita wazazi akauliza nani atawafundisha watoto kupikia mafiga matatu. Wakina mama wakacheka, wakasema mwalimu sisi siku hizi tuna gesi. Mimi nikanyoosha mkono. Usidhani ni ushujaa. Asmahani alikuwa ameshaandikisha jina lake, na mimi tangu aungue sijawahi kumwacha karibu na moto hata wa kibiriti. Nikaona kama ni lazima aende, basi na mimi niwepo.

Mwalimu alikuwa na picha kwenye simu yake za vyombo vya kambi. Sahani za kukunja, sufuria zinazoingiana kama vikombe vya kahawa, mpaka uma. Nikamwambia mwalimu, hivyo ni vya kupigia picha, watoto hawa watakula saa ngapi? Akacheka, akaniambia basi chagua wewe mama. Nikachagua. Kila watoto sita sufuria moja nene, yenye mfuniko bapa, maana ukiugeuza unakatia nyanya juu yake. Sahani za bati, kwa sababu plastiki ikikaribia moto inajikunja kama jani, na kioo wala asinitajie. Kikombe kimoja cha bati kila mtoto, ndicho cha uji, ndicho cha chai. Kijiko kimoja. Mwiko mrefu, ili mtoto asimame mbali. Vitambaa viwili vya kushikia sufuria, viwe vya pamba, nailoni inayeyukia mkononi. Kisu kimoja kwa kundi, kikae kwa mkubwa wao. Mama mmoja akaniuliza na uma je? Nikamwambia vidole vyao Mungu alishawapa bure. Wakacheka, na mwalimu akaandika yote kwenye daftari. Zuwena, sijawahi kusema kitu kikaandikwa na mwalimu. Watoto wakaanza kuniita Mwalimu Zamda. Kwa siku moja nzima nilijiona mtu.

Tulipiga kambi uwanjani, si mbali na lile tembe, nyumba ya udongo ya zamani. Mwalimu Erasmus akawaambia watoto kwamba hapo ndipo wapagazi wa zamani walipokuwa wakitua mizigo, na kila kundi lilipika kwa chungu chake na kula pamoja. Basi na wao wakajigawa makundi, wakajiita wapagazi. Kulikuwa na mtoto mmoja, Anton, wazazi wake wana duka la dawa. Aliuliza moto ukizidi unapunguzia wapi. Shigela, mtoto wa Igunga anayekaa kwa mjomba wake hapa mjini, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema nyie watoto wa gesi mtakufa njaa na unga mmeushika. Akawasha kwa njiti moja, wenzake wakampigia makofi.

Nikawafundisha. Upepo unatoka wapi, simama upande huo huo. Kuni hazirundikwi. Moto haurukwi. Ukishapanga mafiga, weka sufuria tupu kwanza uitikise, ikicheza panga upya, ndipo utie maji. Mtoto mdogo akiwepo, mmoja wenu kazi yake ni mtoto tu. Kila nililowakataza nilikuwa nimelifanya.

Mchana huo tukiwa tunasubiri maharage, mtoto mmoja wa kike, Advera, alimuuliza Asmahani mkono wake ulifanya nini. Unajua mkono ule wa kushoto haunyooki wote, na shingoni kovu linaonekana hata akijifunika. Asmahani alijibu bila hata kuacha kuchambua mchele. Alisema mama mdogo alinimwagia uji nikiwa na miaka miwili, ndiyo maana siendi Nzega. Alisema kama mtu anayetaja jina la mtaa wao. Advera akasema huyo mama mdogo ana roho mbaya. Mimi nilikuwa pale, mwiko mkononi. Nikageuka nikakoroga maharage.

Siku ya pili kundi la Advera lilitaka kujipangia mafiga lenyewe. Wakashuka korongoni, kwenye dimbwi ambalo bado lina maji, wakarudi na mawe wameyabeba kwenye kanga. Mawe mazuri, Zuwena, ya mviringo, laini, yanang'aa kwa maji. Advera ananionyesha anafurahi. Mimi sijui nilipiga kelele gani. Niliyapiga teke mpaka kidole kikachubuka, watoto wakarudi nyuma. Mwalimu Erasmus akaja mbio akidhani ni nyoka. Nikamwambia mawe ya majini hayawekwi motoni, yanapasuka. Akasema kweli kabisa, maji yanajificha ndani ya jiwe, yakichemka yanatafuta njia. Akasema heri watoto waone wenyewe. Akaliweka moja katikati ya moto, akatupeleka wote nyuma ya ukuta wa tembe. Tukangoja. Watoto wakaanza kuchoka, Shigela anamtania mwalimu kwamba jiwe limelala. Ndipo likalia pa! Makaa yakaruka. Watoto wakapiga makofi na vigelegele.

Asmahani hakupiga makofi. Alikuja akasimama karibu nami, akaniuliza mimi ambaye sikusoma nilijuaje. Nikamwambia bibi yako alitufundisha tukiwa wadogo, shambani hapa hapa Kwihara. Akauliza na mama mdogo alifundishwa? Nikasema ndiyo, na yeye. Akanitazama sana, akarudi kwa wenzake. Muda uliobaki alipika, tena alipika vizuri, lakini karibu nami hakuja.

Tuliporudi nyumbani zikapita siku mbili. Siku ya tatu naosha vyombo akaniuliza: mama, siku niliyoungua, yale mafiga yalikuwa mawe ya wapi?

Zuwena, kaa chini kama umesimama. Kama Nasri yuko mgongoni mpe shemeji ashike.

Unakumbuka nyumba hii ilikuwa haijaezekwa, jiko hakuna, mama alikutuma uje unisaidie kuwapikia mafundi. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Marehemu mume wangu Yahaya alikuwa amenitengenezea jiko la mkaa kwa mikono yake, bati jipya, akaniambia usipikie chini na mtoto anakimbia huku na huku. Mimi nikaliona linachelewesha. Mvua ilikuwa imenyesha, nikashuka korongoni nyuma ya nyumba nikaokota mawe matatu. Uliniuliza, dada, haya si ya majini? Nikakujibu acha ushamba wako, jiwe ni jiwe. Nilikumbuka maneno ya mama. Nilikumbuka vizuri kabisa, nikaona uvivu kupanda mlimani kutafuta mengine.

Uji ulipoanza kuchemka nilikwambia sogeza kuni. Nilikuwa nakutazama. Ulisogeza taratibu, kwa vidole, kama unavyofanya kila kitu. Jiwe la kulia ndilo lililopasuka. Ule mlio uliosikia, ambao baadaye nilikwambia ni sufuria imegonga chini, ulikuwa mlio wa jiwe. Sufuria ikalala upande aliokuwa Asmahani. Na wewe ndiye uliyeingiza mikono kwenye ule uji ukamtoa. Watu waliona mikono yako imebabuka wakasema ndiyo hiyo iliyosukuma. Nami nikawaacha waseme.

Ulikimbia naye barabarani unaita pikipiki. Mimi nilikuja nyuma yako. Lakini kabla sijaja, sikia hili maana sijawahi kulisema kwa mtu, niliinama. Mtoto wangu analia barabarani, nasikia sauti yake, na mimi nimeinama naokota vipande vya jiwe nakusanya kwenye kanga. Nikavitupa chooni, na pale pa jiwe nikaweka tofali. Ndipo nikakimbia.

Hospitali Yahaya alikuja na mikono yake imejaa weusi wa kazi, akaniuliza nani alikuwa motoni. Sikusema uongo mrefu. Nilitaja jina lako tu. Basi. Hayo mengine wakayajaza wenyewe. Jioni ulienda nyumbani kuchukua shuka, uliporudi wodini ukaniuliza mbona pale kwenye figa la kulia pana tofali, nikakwambia palikuwa na tofali tangu asubuhi. Ulinitazama, ukasema labda. Neno hilo labda nalisikia mpaka leo. Niliona kabisa unavyoliacha lile ulilolijua na kushika langu, kwa sababu mimi ni dada yako mkubwa.

Mama alikupiga. Yahaya akasema usikanyage tena kwake, na hukukanyaga mpaka siku ya msiba wake, ukakaa mkeka wa mwisho kama jirani. Amekufa anakuchukia kwa kosa langu. Hilo silipatii dawa.

Zabibu aliniambia na jambo lingine, nimelibeba tangu mwezi wa nne. Kwamba sufuria ikianza kuchemka unamchukua Nasri unampeleka kwa jirani kwanza, ndipo unarudi kusonga. Kwamba mama mkwe wako anakucheka mbele ya watu, mke gani anaogopa mwanawe na jiko. Kwamba unawaambia mikono yangu haina bahati na watoto. Mikono yako haina kosa lolote, mdogo wangu. Tangu siku ile haikuwa nalo. Miaka kumi na miwili nimekuacha unaiogopa mikono ambayo ndiyo iliyomtoa mwanangu kwenye uji.

Nilimwambia Asmahani yote, vyombo bado viko majini. Hakulia. Nilidhani ataniuliza kwa nini, nilikuwa nimejiandaa na maneno. Aliuliza moja tu: na mama mdogo anajua? Nikasema hajui. Akasema basi mwandikie, na uandike mwenyewe. Akafuta mikono, akafunga nguo zake, akaenda kwa bibi yake Ng'ambo.

Jana nikaenda kumwambia na mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akawa anautazama mkono wake wa kulia, anaugeuza huku na huku. Kisha akaingia ndani. Nilisubiri uani mpaka adhana ya alasiri, hakutoka.

Barua hii nampa konda wa basi la kesho asubuhi. Asmahani anataka kuja kwako Ijumaa. Nimemwomba barua itangulie, usije ukamkuta mlangoni ghafla ukaangusha ulichobeba. Anashukia stendi saa sita hivi. Hapendi kupokelewa begi lake, atakwambia mkono unaweza. Pilipili hali. Usiku akilala upande wa kushoto mkono unakufa ganzi, mwambie ageuke, hatakasirika. Akitaka kukaa mpaka shule zifunguliwe, akae. Akitaka kuhamia huko moja kwa moja, shemeji akikubali, sitakuja kumdai. Akiniulizia mwambie nipo. Asiponiulizia, usimkumbushe.

Wewe sikuombi unijibu, wala sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Wasomee barua hii shemeji na mama mkwe wako, msomee yeyote aliyewahi kukunyooshea kidole. Nimeandika jina langu lote hapo chini ili wasiseme ni maneno ya mtaani.

Nisalimie shemeji Masolwa, umpe Nasri busu la kichwani, pale penye paji la baba. Mama mkwe wako mwambie shikamoo yangu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi dada yako,
Zamda binti Adinani