Kijito cha mama Kibakwe

Jumamosi.

Na gari zima la Noah nimekodi mimi, pamoja na mwongoza watalii wake! Wengine hukodi kwenda kuona tembo. Mimi nilisema, mpelekeni mama yangu Kibakwe, kwenye kijito alichochotea maji enzi za usichana wake. Macho yake yamezimika kabisa mwaka huu. Niliogopa nimechelewa.

Njiani Zuhura, binti aliyetuongoza, akaanza, "Bibi, kulia kwetu kuna milima..."

"Mwache mwanangu aseme," mama akamkatiza. "Huyu huona hata vitu visivyokuwepo."

Basi nikasema! Mahindi yakawa marefu kuliko minara ya simu.

Tukafika. Kijito kikavu, mawe matupu. Nikamwambia mama maji yamejaa, hata mimi shujaa naogopa kuvuka.

"Mbona siyasikii?"

Mimi, mtu wa maneno, nikamgeukia Zuhura. Akafungua chupa yetu ya maji, akayamimina yote polepole juu ya mawe. Mama akainama, akakinga kiganja, akanawa uso. Akacheka kama msichana.

Kwenye gari akaniegemea begani, akaninong'oneza, "Huyo binti Mungu ambariki. Ila njia ni ndefu, baba. Angetubakizia ya kunywa."