Chipu Niliyoibadilisha Kwenye Matanga Yako

Gervas, ndugu yangu,

Vita imekwisha. Wenzako wa mgambo wamerudi Ntobeye, wewe ukazikwa huko huko mpakani. Hatukuwa na mwili, kwa hiyo siku ya kuanua matanga mkeo Yustina alitandika mkeka, akaweka juu yake kinanda chako, kile ulichokiunda ndani ya sanduku la chai kwa vipuri vya redio mbovu. Aliniomba jambo moja tu: nikiwashe, kitoe sauti ya kuanzia, kwaya iimbe ule wimbo uliowafundisha kabla hujaondoka.

Nilikiwasha siku moja kabla. Sauti ilikuwa ndogo mno. Nikaona haya kwa niaba yako, maana katibu wa kijiji angekuwepo, na wageni kutoka wilayani, na mimi, mwandishi wa gazeti, nilishawasifia kinanda hicho. Nikachomoa chipu yako ya kukuza sauti, nikachomeka nyingine niliyoinunua Mwanza. Miguu minane kama yako, ikaingia sawasawa. Muuzaji alisema ina nguvu na kasi zaidi. Sikuijaribu. Niliogopa kumaliza betri, ambazo siku hizi ni za kutafuta.

Nakumbuka ulivyokuwa ukizichagua. Unachomeka moja, unaweka sikio kwenye spika, unasubiri ipate joto. Sauti ikianza kupanda yenyewe, unaichomoa. "Hii ina haraka, itatuaibisha mbele ya kwaya." Na uliniambia kwamba zile za kasi zinataka kapasita ndogo pembeni ya kuzituliza, la sivyo zinapiga kelele bila kuguswa. Niliitikia. Nilikuwa na kibuyu cha pombe ya rubisi mkononi.

Siku ya matanga nilipowasha, kinanda kilitoa yowe moja lisilokatika. Watoto walikimbilia migombani wakidhani ni ndege ya vita. Mzee mmoja akalala kifudifudi. Nilipapasa swichi bila mafanikio mpaka Yustina akainama, akang'oa waya wa betri.

Shangazi yako akasema, "Wewe wa magazeti, umemfufua vibaya."

Watu wakacheka, Gervas. Kwenye matanga yako. Yustina hakucheka. "Shemeji," alisema, "huyo siye. Mume wangu hakuwa na kelele."

Vita nzima sikutuma gazetini habari ambayo sikuihakiki, na yako nikaiacha bila kuihakiki.

Chipu yako ninayo, nimeifunga katika karatasi ya sigara. Haina kosa. Sauti ilikuwa ndogo kwa kuwa ndivyo ulivyoitaka, isiwafunike waimbaji. Kesho asubuhi nitakwenda kwa Yustina, nitairudisha mahali pake mbele ya macho yake, na atakayewasha ni yeye. Katibu sitamwita. Yustina akipenda kuimba, ataimba. Mimi nitakaa kimya mpaka amalize.

Lala, ndugu yangu. Zile kelele zilikuwa zangu.