Konokono wa Kisima cha Bi Rukia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu yaendeleaje? Nimesikia sasa wajikongoja mwenyewe hadi kwa jirani, nikamshukuru Mungu. Mimi mzima, ila vita hii imeadimisha kila kitu hapa Mombasa, hata misumari, na seremala bila misumari ni taabu tupu.

Nina habari nataka uisikie. Karibu na Makadara yuko mama mtu mzima, Bi Rukia. Aliniita ning'oe mbao za kisima chake kipate kufukiwa. Mjukuu wake alifariki kwa malaria, naye kaambiwa mbu wanazaliana humo. Nikiwa kazini akaja jirani yake, Mwalimu Hamisi. Huyu ametafuta miaka mingi konokono mdogo wa maji matamu, mwenye mistari myeusi. Alikuwa na gamba lake tu, na wote wakimwambia wamekwisha kisiwani. Akaomba ateke ndoo moja kabla ya mchanga kumwagwa.

Alipotia mkono ndooni, alitoa konokono mwenye mistari myeusi. Kisha machozi yakamtoka. "Wapo! Bi Rukia, wapo hai!"

"Mjukuu wangu nimemzika," Bi Rukia akamjibu, "nawe waniletea konokono?"

"Nisamehe, Bi," Mwalimu akasema.

Lakini yule mama hakuondoka. Alimweka konokono kiganjani, akamtazama mpaka akatoa vipembe vyake.

"Hawa nikiwafukia, wamebaki wapi wengine?"

"Sipajui, Bi."

Akamrudisha konokono ndooni. "Basi mbu wasitoke, na hawa wasife. Fundi, yawezekana?"

Nikamwambia yawezekana nikipata wavu mwembamba wa waya, lakini madukani hakuna. Akaingia ndani, akarudi na mlango wa kabati lake la chakula, wenye wavu wa waya. "Bandua huu."

Nilitengeneza kifuniko kinachobana pande zote. Watu wa afya wakakikagua, wakaridhika. Mwalimu akahamishia konokono wachache kwenye birika la maji la kujengwa nyumbani kwake, nalo nikalifunika vivyo hivyo, ili huku wakipatwa na jambo, kule wasalie. Jana tulikuta wamezaa. Vitoto kama mbegu za ufuta. Bi Rukia aliinama pale birikani akacheka, mama. Sikuwa nimepata kumsikia akicheka.

Nisalimie kaka mkubwa na shemeji, shangazi mfuma mikeka, na mdogo wangu anayekusomea haya. Mwambie achungulie visima vya huko Lamu kabla watu hawajavifukia.

Nakubusu mikono, uniombee dua.

Mwanao,
Athumani
Mji wa Kale, Mombasa