Muhuri Kwenye Droo ya Tokie

Jumatatu, 13 Novemba

Nimetwishwa uratibu wa karamu ya kufunga mwaka. Kutafuta ukumbi, kuchangisha watu, kuona glasi ya Bosi Onodera haikauki. Nimekubali. Bosi alipouliza nani anajitolea, kiwanda kizima kiliangalia viatu vyake, na mimi ndiye niliyechelewa kuinama. Tokie wa ofisini alinicheka: "Hiyo ndiyo faida ya upole, mdogo wangu."

Yeye ndiye aliyeniingiza kazini hapa nilipoachika. Hata kisu cha kusawazishia samaki wa kusagwa, alinifundisha yeye kukishika. Ameniomba muhuri wangu wa jina, huu tunaogonga badala ya kutia sahihi, ukae kwenye droo yake, wa kugongea risiti za karamu. Nimemwachia. Si ule wa benki, ni huu mdogo tu wa mahudhurio.

Jumatano, 22 Novemba

Oda za Mwaka Mpya zimeanza. Kamaboko nyekundu, kamaboko nyeupe, mikate ya samaki wa kusagwa kwa ajili ya sikukuu — tunanuka samaki mpaka kwenye nyusi.

Mutsumi, mwenzangu wa mezani, anatoka saa kumi na moja kamili. Mama yake ameanza kusahau. Mchana anashinda kituo cha wazee, na saa kumi na mbili wanafunga. Wiki jana Mutsumi alichelewa, akamkuta mama kakalishwa nje ya mlango, amevaa koti la mtu mwingine. Wamemwambia akichelewa tena wanamtoa mama.

Nikamtuliza. Nikamwambia hapa hakuna wa kutubakiza saa za ziada hivihivi, mpaka tuchague mwakilishi wetu akubaliane na bosi. Nilisema kwa kujiamini kweli, utadhani nimesomea sheria.

Ijumaa, 1 Desemba

Sijala chochote.

Asubuhi tumekuta makubaliano ya saa za ziada yamebandikwa juu ya birika la chai. Kuanzia Jumatatu, Desemba nzima, mpaka saa mbili usiku, na Jumamosi pia. Chini: mwakilishi wa wafanyakazi, aliyechaguliwa kwa kunyoosha mikono. Halafu jina langu. Muhuri wangu, wino mwekundu, umegongwa vizuri kabisa.

Mimi! Mikono ya nani? Lini?

Mutsumi alisoma, akarudia kusoma. Hakupiga kelele. "Ungeniambia tu, Chigusa," akasema, akachukua kisu chake akahamia meza ya mwisho.

Nikaenda ofisini. Tokie anakunywa chai. Ati kila mwaka mratibu wa karamu ndiye mwakilishi, ndivyo ilivyo tangu enzi za baba yake bosi. Ati ni karatasi ya kupeleka serikalini tu. "Na saa hizo si mnalipwa? Wenzio wanafurahi."

Nikamuuliza mbona hukuniambia.

"Ungeanza maswali."

Alisema hivyo akiniangalia usoni, huku akinisogezea biskuti. Imeniuma. Bosi ningemtegemea afanye hivi. Lakini Tokie? Mtu ninayemwita dada miaka yote hii, aliyekaa na mimi nilipokuwa sina hata wa kumpigia simu. Ameniuza bila hata kuona haya.

Jumapili, 3 Desemba

Nimempigia Mutsumi, hapokei. Nimemwandikia: sikugonga mimi.

Jibu limekuja jioni. "Muhuri ni wa nani?"

Nimezima simu.

Jumatatu, 4 Desemba

Kumbe Ijumaa Mutsumi aliwapigia watu wa idara ya kazi. Wamemwambia bila uchaguzi wa kweli makubaliano hayana nguvu. Habari zimemfikia bosi; katuita sote kabla mashine hazijawashwa, uso umemwiva. Basi tuchague sasa hivi, kasema, wanaomtaka Chigusa wanyooshe mikono.

Tokie alikuwa wa kwanza, anatabasamu. Wengine wakafuata mmoja mmoja, macho chini. Mutsumi wa mwisho. Aliunyoosha mkono juu kabisa, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Na mimi namchagua. Ila safari hii agonge mwenyewe, tukimwona."

Karatasi mpya ikawekwa mezani, na saa ni zilezile. Tokie akaja na muhuri. Nikauchukua mkononi mwake, nikasema naenda chooni mara moja.

Niko chumba cha kubadilishia nguo, nimejifungia, naandika kwenye goti. Muhuri uko mfukoni mwa aproni. Nikigonga, mama yake Mutsumi hana pa kushinda, na Mutsumi ataacha kazi. Nisipogonga, oda hazitoki, na wapo walionyoosha mikono wakitegemea hela ya sikukuu. Sikujifungia humu kwa woga. Nina hasira.

Tokie anagonga mlango. Polepole, kama alivyokuwa akinigongea mwaka ule nilipokuwa nalia humu humu.

"Mdogo wangu, fungua. Bosi anasubiri." Anagonga tena. "Kama ni kazi ngumu kwako, nipitishie muhuri chini ya mlango. Nitakugongea mimi."