Idi, Uliwaambia Unakuja

Idi mdogo wangu,

Nina jambo la kukuambia na nimelikwepa wiki nzima, nimefua hadi mapazia. Ngoja niseme kabla sijajitafutia kazi nyingine. Faili lako lilifungwa kwa sababu yangu. Wakili niliyemwendea juu ya kifo chako ananikataza kusema hivyo, ati si mimi peke yangu. Sawa, lakini mimi nimo.

Ilikuwa Jumamosi mchana, hapa hapa Malvern, kwenye fleti yetu ya ugenini. Mama yuko kazini, mimi nakaanga samaki, wewe unakata kachumbari. Kukata gani kule! Vipande vya kulishia ng'ombe. Nikakutania, ukasema tumbo halina macho. Mlango ukagongwa, ukaenda kufungua na kisu mkononi, kama mtu yeyote aliyekatishwa kazi. Polisi wawili, wanamtafuta mtu wa ghorofa nyingine, hata jina si letu. Nikakusikia unawaambia kwa Kiingereza chetu cha shule ya Tanga kwamba unakuja. Yaani ngojeni nikaweke hiki, narudi sasa hivi. Kisha ule mlio. Risasi ilikuingia ubavuni, Idi, ulikuwa umeshaanza kugeuka.

Wachunguzi wa kifo chako wakaniuliza kama nataka mkalimani. Mimi? Na cheti changu cha kidato cha sita? Nikakataa. Wakauliza, ulimsikia akisema anakuja? Nikajibu ndiyo, nimesikia kwa masikio yangu. Nilidhani nakutetea! Nilidhani dunia nzima inajua kuwa mtu akisema anakuja, anatoka kidogo halafu anarudi. Wakaandika. Barua yao ikasema uliwatamkia kwamba unakuja, kisu mkononi, na dada yako amethibitisha, kwa hiyo hakuna wa kushtakiwa. Niliisoma barua ile sijui mara ngapi na sikuliona kosa; maneno ni yale yale niliyoyasikia, nikadhani labda mlangoni waliona nisichokiona mimi jikoni.

Mama aliiamini. Miaka tisa ameamini kwamba ulipandisha hasira zako zile ukawaendea watu na kisu. Hitima yako ya mwaka aliacha kuisoma. Akiulizwa msikitini ulikufaje, husema uliugua ghafla. Namsikia, nanyamaza.

Mwezi uliopita kazini, kwenye nyumba ya wazee, nilikuwa namwogesha bibi mmoja. Nikamwambia kwa Kiingereza nakuja, nikatoka kuchukua taulo. Mwenzangu wa zamu, mzaliwa wa hapa, akacheka: mbona wewe kila siku unasema unakuja halafu unaondoka? Kwao, anayesema anakuja anakusogelea. Mungu wangu. Nilikaa sakafuni stoo, juu ya shuka chafu, nikalia mpaka wakaja kunitafuta.

Siku hizi watu wanadai waendesha mashtaka wayafungue upya mafaili ya waliouawa na polisi. Wengine wanasema yaliyokwisha yamekwisha, askari naye ana watoto, hawezi kuishi akingoja kuitwa tena kila mwaka. Zamani ningewaelewa. Sasa nauliza, kimekwisha nini, ikiwa hata neno lako la mwisho limeandikwa kinyume? Wakili anasema ombi letu litakuwa na uzito kama nitaapa mwenyewe, na mama atie sahihi. Hapo ndipo nilipokwama. Kumwambia mama kwamba barua ni ya uongo ni kumwambia pia kwamba uongo huo ulitokana na jibu langu.

Juzi nikamwambia. Nilitegemea kofi, na wallahi ningelipokea. Aliuacha mwiko sufuriani, wali unaungua. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mwanangu alikuwa anarudi ndani?"

Nikasema ndiyo mama, alikuwa anarudi ndani.

Akakaa chini pale pale jikoni. Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi yako, maana siku ile alikuwa na aibu. Hajaniambia amenisamehe, na tangu hapo hanisemeshi ila kwa lazima. Nimeyataka mwenyewe. Lakini karatasi ya wakili ameitia sahihi. Na leo, baada ya swala ya Ijumaa, mbele ya akina mama wote, ameomba wakusomee dua. Amesema mwanawe hakuugua. Amesema aliuawa na polisi, na hakuwa na kosa. 

Sijui kama watalifungua faili lako, Idi. Wakili mwenyewe hajui. Nakuahidi tu kwamba Jumatatu nitakwenda kuapa, nitataka mkalimani, na nitasema yote, hata lile la kiburi changu. Wakilifunga tena, walifunge wakiwa wamesikia. Pumzika, mdogo wangu. Mama amesema atakuja nami, ila njiani nisimsemeshe.

Dada yako,
Zuhura